Sauti ya Kumi na Saba

Tulimpa sauti kumi na sita tu.
Si uchoyo. Kompyuta ya Heino ni kuukuu,
feni yake hukohoa akifungua dirisha la pili,
naye ndiye mteja wetu wa kwanza,
mpiga kinanda wa kanisa la mbao huko Kanepi.

Sauti kumi na sita, yaani vyumba kumi na sita.
Noti hubisha, hupewa kitanda, huimba;
kidole kikiinuka huanza kuzimika
polepole, kama kaa lililosahauliwa jikoni,
na chumba hubaki chake mpaka moshi wa mwisho.
Kesi huanza
ya kumi na saba inapobisha
na nyumba imejaa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema.
Kwangu mgeni akija, mwenyeji hutupwa nje.
Mafundi wa kazi hii hawaoni haya, tendo wanaliita kwa jina lake:
kuiba sauti.
Mstari wa mia mbili na nne, nilioandika
usiku wa Februari, Tartu yote imefunikwa theluji,
ulisema: aliyetangulia kuingia atangulie kutoka.
Nikalala usingizi wa pono.

Jumatatu Heino alipiga simu. Hakusalimu.
"Mmeniibia besi."
Alikuwa amekanyaga pedali, ameishika Do ya chini,
mkono wa kulia ukimwaga noti ndogondogo
kama njegere kwenye sinia,
na Do, kwa kosa la kuwahi,
ikakamatwa kola.
"Paa limebaki hewani," alisema. "Nguzo iko wapi?"

Nikafuta. Nikaandika: atoke aliye dhaifu.
Basi noti ya katikati, ile aliyoigusa kwa woga,
ikakatwa neno likiwa mdomoni, tena kwa kishindo, ta!
kama njiti ya kiberiti,
maana wimbi likikatwa kileleni
halishuki. Linavunjika.

Siku hizohizo Urve alikuta kosa jingine:
ufunguo mmoja ukipigwa mara mbili chini ya pedali
huzaa Do mbili zenye jina moja,
ukiiambia moja inyamaze, zinanyamaza zote.
Tukazipa namba, kila moja yake,
kama makoti yanayoachwa mlangoni pa ukumbi:
mawili meusi, kimo kimoja,
lakini kila mtu huondoka na lake.

Hilo lilikuwa jepesi. Wizi ulibaki.

"Njoo Alhamisi," Urve aliniambia. Yeye huimba alto.
Chumba cha shule, viatu vimepangwa ukutani,
theluji yake ikigeuka maji meusi sakafuni.
Watu arobaini wakashika irabu moja
wakaishikilia kupita urefu wa pafu lolote,
na haikukatika.
Nikautazama mdomo wa Urve.
Ulifungwa katikati ya irabu. Ukavuta hewa.
Ukarudi ukinyata.

"Unaiba pumzi," alisema baadaye, akimenya yai.
"Ila usiibe pamoja na jirani yako.
Wala usiibe wakati kuna anayekusikiliza."

Usiku ule mstari wa mia mbili na nne
ukawa mistari thelathini na moja.
Kwanza uliza: ni nani kidole kimekwisha kumwacha?
Anzia hapo. Kati ya hao, nani amebaki mnong'ono?
Iliyo chini kabisa usiiguse.
Na huyo anayeondoka, hata kama ni lazima,
mpe milisekunde tano za kuteremka ngazi.
Sikio halizihesabu milisekunde tano.
Likinyimwa, hulalamika.

Heino hakusema kitu. Aliweka simu juu ya kinanda, akapiga.
Nilihesabu kwa vidole, kisha kwa kumbukumbu:
kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita.
Ya kumi na saba ikaingia, nyembamba, upande wa kulia.
Nilijua kuna iliyotoka. Amri niliitoa mimi.
Ukiniapisha leo niseme ni ipi,
sitaapa.

Feni ikakohoa.
Akakata simu bila kuaga.